Ruzuku ya mradi wa urithi: kuanzia kikao cha kwanza hadi risiti ya mwisho

Mara nyingi mambo huanza hivi: mtu anarusha tangazo kwenye kundi la WhatsApp. Kuna fedha za kuhifadhi urithi, na maombi yanafungwa baada ya siku tisa. Usiku huohuo katibu anafungua kompyuta, anachukua andiko la zamani la mradi wa vijana, anabadilisha maneno hapa na pale, na kikundi ambacho hakijawahi kukaa kujadili nyumba ya kale wala ngoma ya kale kinajikuta kimeomba fedha za kuihifadhi. Nimewahi kuandika maombi ya namna hiyo. Baadaye nikaitwa kusaidia kusoma maombi ya vikundi vingine, ndipo nikaelewa kwa nini yetu yalitupwa. Msomaji huyatambua tangu ukurasa wa kwanza: yamejaa maneno ya tangazo lenyewe, na kile kinachoombewa hakionekani popote.

Mwongozo huu unakwenda kinyume na mtindo huo. Tangazo linakuja hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Kitaje kitu chenyewe

Andika sentensi moja inayosema mnataka kuhifadhi nini. "Kuhifadhi utamaduni wetu kwa vizazi vijavyo" si kitu, ni dua. Kitu ni kama hiki, kwa mfano: "Kaseti 140 za nyimbo za harusi, zilizorekodiwa kati ya 1974 na 1991, zimo ndani ya makabati mawili nyumbani kwa mjane wa aliyezirekodi, na baadhi zimeanza kupukutika unga wake wa sumaku." Hapo msomaji ameshajua idadi, umri, mahali vilipo na sababu ya kufanya haraka. Zishike kaseti hizi kichwani, tutazirudia kwenye bajeti.

Kisha jiulizeni: ni cha nani? Swali hili ndilo linaloua miradi mingi, na linaua baada ya fedha kuingia, wakati aibu imeshakuwa kubwa. Nyumba ya kale huwa na warithi, na warithi huwa na ndugu wanaoishi mbali ambao hawajaulizwa. Pateni sahihi zao mapema, pamoja na maandishi yanayosema jengo litatumika kwa kazi gani na kwa miaka mingapi. Wafadhili wengi hawatengenezi paa la mtu binafsi bila ahadi kwamba umma utanufaika, na ahadi hiyo huitoa mwenye mali, si mwenyekiti wa kikundi.

Kwa nyimbo, ngoma, tiba na hadithi, mwenye mali ni jamii yenyewe, na hapo pana ugumu wa aina nyingine. Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika unakubali kwamba jamii ndiyo inayotambua kipi ni urithi wake. Kanuni 12 za maadili zilizopitishwa mwaka 2015 chini ya mkataba huo zinataka ridhaa itolewe kwa hiari, itolewe kabla ya kazi kuanza, na anayeitoa awe ameelewa anakubali nini. Kwa vitendo, msimpe bibi fomu ya kutia sahihi tu. Mwekeeni machaguo: rekodi hii isikilizwe na yeyote, isikilizwe na wanajamii peke yao, au ifungwe hadi mwaka fulani. Zipo nyimbo za jando na unyago ambazo wenyewe hawataki zisikike redioni, na mradi unaoheshimu hilo kwa maandishi hupata alama nyingi zaidi kuliko unaoahidi kuweka kila kitu mtandaoni.

Swali la mwisho: kinaharibiwa na nini hasa? Hapa watu hutaja dalili wakadhani wametaja ugonjwa. Ukuta wa mawe unabanduka plasta. Kikundi kinaomba fedha za kupiga plasta upya, ya saruji, maana ndiyo ngumu. Kumbe maji yanashuka kutoka kwenye mfereji wa paa uliotoboka, yanaingia ukutani, na ukuta uliojengwa kwa chokaa unahitaji kupumua ili unyevu utoke. Saruji inauziba. Unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma kwa nyuma, na plasta mpya inaanguka ikiwa imeng'oa na vipande vya jiwe. Mfadhili mzoefu akiona saruji kwenye ukuta wa chokaa, anafunga jalada. Kabla ya kuandika chochote, mleteni fundi anayejua chokaa, aguse ukuta, aseme. Na muwe tayari kusikia kwamba kazi ni ndogo kuliko mlivyofikiri. Hati ya Burra, iliyoandaliwa Australia mwaka 1979 na ambayo wahifadhi wengi huifuata, inataka kufanya kiasi kinacholazimu na kubadilisha kidogo kadiri inavyowezekana.

Hatua ya 2: Kiwekeni kikundi sawa

Usajili, katiba, orodha ya viongozi, akaunti ya benki yenye jina lilelile lililo kwenye cheti cha usajili, herufi kwa herufi, na mihtasari ya vikao. Jina likipishana hata kwa neno moja, malipo yanaweza kurudishwa. Hayo yote yanaweza kuchukua miezi, kwa hiyo yaanze kabla hamjaona tangazo lolote.

Akaunti yetu ilikuwa na watia saini wawili, wote wanatakiwa. Mmoja akahamia mji mwingine kikazi. Awamu ya kwanza ya ruzuku ikaingia, ikakaa karibu miezi minne bila kuguswa huku fundi akitupigia simu kila Ijumaa. Tangu hapo nashauri watia saini watatu, wowote wawili wakitosha, na asiwemo mtu na mkewe, wala ndugu wa tumbo moja.

Kama usajili bado, tafuteni taasisi mlezi: jumba la makumbusho, chuo, au shirika lililokwisha kusajiliwa, ambalo litapokea fedha kwa niaba yenu. Andikianeni mkataba. Waulizeni mapema watakata asilimia ngapi kwa kazi ya uhasibu, na nani ataamua ikitokea mmebishana. Wema wa mdomo huisha siku fedha zinapoingia.

Hatua ya 3: Sasa tafuteni mfadhili

Kila mfuko una tabia yake. ALIPH yenye makao Geneva, iliyoanzishwa 2017, inajulikana kwa urithi ulio katika maeneo ya vita na migogoro. Cultural Protection Fund ya British Council, iliyoanza 2016, inaangalia urithi unaotishiwa na migogoro na mabadiliko ya tabianchi, katika nchi ilizoziorodhesha. Endangered Archives Programme ya Maktaba ya Uingereza, iliyoanza 2004, hugharimia kunakili kidijitali nyaraka za kale zilizo hatarini, kwa sharti kwamba nyaraka asilia hazitoki katika nchi zilimo; kinachokwenda London ni nakala, na nakala nyingine hubaki nyumbani. Mfuko wa Urithi wa Dunia wa Afrika, ulioanzishwa 2006, unashughulika na maeneo ya bara hili yaliyo kwenye orodha ya UNESCO au yanayoandaliwa kuingia humo. National Lottery Heritage Fund hutoa kuanzia pauni 10,000 hadi milioni 10, lakini kwa miradi ya Uingereza tu, hivyo aliye nje ya huko asipoteze usiku wake. Miongozo yake ya maombi, hata hivyo, inafaa kusomwa na mtu yeyote anayejifunza kazi hii.

Kisha kuna Mfuko wa Urithi wa Utamaduni Usioshikika wa UNESCO. Maombi yasiyozidi dola 100,000 hupokelewa wakati wowote wa mwaka. Lakini yanawasilishwa na nchi mwanachama wa mkataba, si na kikundi. Kwa hiyo mlango wenu ni ofisi ya utamaduni ya serikali au tume ya taifa ya UNESCO. Nendeni huko mkiwa na ukurasa mmoja au miwili iliyoandikwa vizuri, maana ofisa mwenye mafaili hamsini mezani atashughulikia lile lisilomwongezea kazi.

Msiidharau mifuko midogo ya karibu: halmashauri, vyuo, makampuni, balozi, watu wenu walio ughaibuni. Ruzuku ndogo iliyotumika vizuri na kutolewa hesabu ndiyo barua ya utambulisho kwa ile kubwa.

Kwenye kila tangazo someni kwanza mambo matatu: nani anaruhusiwa kuomba, nini hawalipii, na miradi gani wamewahi kuifadhili. Orodha ya wasivyolipia ndiyo yenye siri. Wengine hawanunui ardhi, wengine hawalipi mishahara ya kudumu, wengine hawagusi majengo ya ibada yanayotumika. Mkibaki na shaka, andikeni barua pepe fupi yenye swali moja. Wengi hujibu, na jibu la "hapana, hamfai" linalookoa mwezi mzima wa kazi lina thamani yake. Na anayedai ada ya kushughulikia fomu kabla hajawapa ruzuku, mkimbieni. Huyo anavua, na nyinyi ndio samaki.

Hatua ya 4: Bajeti kabla ya maelezo

Wengi huandika hadithi kwanza, bajeti wakaiacha kwa mweka hazina usiku wa mwisho. Mimi naanza na bajeti, kwa sababu bajeti ndiyo inayokulazimisha kujua utafanya nini Jumatatu asubuhi.

Turudi kwenye kaseti 140. Mstari unaosema "Kuhamishia kaseti kwenye kompyuta: jumla" haumwambii mtu kitu. Piga hesabu. Tuseme kila kaseti ina dakika 90, basi jumla ni saa 210 za sauti. Kaseti haiharakishwi, husikilizwa kwa mwendo wake. Ongeza kusafisha vichwa vya mashine, kurudisha mkanda nyuma, kuandika jina la faili, nani anaimba na wapi. Weka saa mbili za kazi kwa kila saa ya sauti. Hizo ni saa 420. Mtu hawezi kusikiliza kwa makini zaidi ya saa 6 kwa siku, kwa hiyo ni siku 70, yaani wiki 14 za siku tano kwa mtu mmoja. Sasa unajua posho ya nani, kwa muda gani.

Endelea. Kiwango cha chini kinachopendekezwa na wahifadhi wa sauti ni faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, za biti 24 na kilohezi 48, ambazo kwa sauti ya stirio hula takriban gigabaiti 1 kwa saa. Saa 210 ni kama gigabaiti 220. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae jengo jingine kabisa, maana moto na maji havichagui diski. Kwa hiyo mnanunua diski mbili za ukubwa mnaoujua, na nafasi ya kuhifadhia mtandaoni ya ukubwa mnaoujua. Msomaji akikuta hesabu hii haulizi tena kama mnaiweza kazi. Ameshaona.

Vinavyosahaulika: makato ya benki ya kupokea fedha kutoka nje, kushuka kwa thamani ya sarafu kati ya siku ya kuomba na siku ya kupokea, bima, nauli za wazee mnaowaita, mkalimani, ukaguzi wa hesabu, na kulipia ile nafasi ya mtandaoni mwaka wa pili na wa tatu. Kwa jengo la kale naweka asilimia 10 hadi 15 ya dharura, kwa sababu ukishafungua dari ndipo mchwa wanapokusalimia. Kama mfadhili haruhusu mstari wa dharura, gawa kazi mafungu, uoneshe lipi litaachwa gharama zikipanda.

Kuhusu mchango wenu: wapo wanaotaka kikundi kichangie sehemu, na wengi wao hukubali nguvu kazi na vifaa badala ya fedha taslimu. Siku za kujitolea zihesabiwe kwa ujira ambao ungelipwa kwa kazi hiyohiyo, na ziandikwe kwenye daftari lenye tarehe, jina, kazi na sahihi. Daftari lililojazwa mwisho wa mradi kwa kalamu moja na mwandiko mmoja linajulikana mara moja.

Jambo moja zaidi, halafu tuachane na fedha. Ruzuku nyingi hutolewa kwa awamu, na awamu ya mwisho hulipwa baada ya taarifa ya mwisho kupokelewa. Maana yake kazi imekwisha, fundi anadai, na fedha bado hazijaja. Andikeni mapema nani atabeba pengo hilo, iwe ni mkopo wa chama chenu cha akiba au makubaliano ya maandishi na fundi.

Hatua ya 5: Andiko

Jibu swali lililoulizwa. Ukiulizwa nani atanufaika, usisimulie historia ya mji. Ukipewa maneno 200, tumia 190.

Acha maneno makubwa kama "kuongeza uelewa" na "kuwezesha jamii" isipokuwa unaweza kusema kitakachoonekana: wanafunzi wa shule tatu watakuja kusikiliza, mabinti sita watajifunza kupiga msondo kutoka kwa mama wawili waliobaki wanaoujua. Hao mama wawili ndio andiko lenu. Waeleze umri wao, wanafundisha vipi, nani anawasaidia siku wakiugua.

Barua za kuungwa mkono zisifanane. Nimeshika maombi yenye barua tano za taasisi tano, zote na kosa lilelile la tahajia katika mstari wa pili. Barua moja ya mwalimu mkuu inayosema ataleta darasa lipi na siku gani inazishinda zote tano.

Na lipo swali ambalo huulizwa kwa maneno mengi, mara uendelevu, mara usimamizi baada ya mradi, lakini ni lilelile: fedha zikiisha, nani atashika ufunguo? Mtaje kwa cheo. Sema mfereji wa paa utasafishwa lini, na nani, kwa fedha ya kutoka wapi. Mpango wa matunzo wa ukurasa mmoja, wenye kusafisha mifereji kabla ya kila msimu wa mvua na kukagua diski kila baada ya miezi sita, unamtuliza mfadhili kuliko ahadi ya kujenga kituo cha utalii. Mara nyingi kituo hicho ndicho kinachomtia wasiwasi.

Kabla ya kutuma, mpe mtu asiyejua chochote kuhusu mradi alisome, halafu funga kompyuta na umwombe akueleze mnataka kufanya nini. Akikwama, rudi kuandika.

Hatua ya 6: Kutuma

Tumeni siku mbili kabla. Angalieni saa inayotajwa ni ya nchi gani, na kumbukeni kwamba 23:59 ni saa sita usiku kasoro dakika moja, si saa sita mchana ya kesho yake. Nimeona watu wazima wakichanganya. Picha zipunguzwe ukubwa, faili zipewe majina yanayoeleweka, na fomu nzima ihifadhiwe kwenu kama ilivyotumwa.

Hatua ya 7: Jibu likija

Likiwa hapana, omba maoni ya wasomaji. Yanauma, lakini mara nyingi ndiyo rasimu ya maombi yajayo. Kama dirisha hufunguliwa kila mwaka, rudini, mkieleza kilichobadilika.

Likiwa ndiyo, msianze kazi. Someni mkataba kwanza, hasa vifungu vitatu: tarehe ambayo gharama zinaanza kutambuliwa, kwa sababu mlichonunua kabla yake mara nyingi hakirudishwi, haki za picha na rekodi, ili ile ridhaa ya hatua ya kwanza isivunjwe kwa sentensi moja ya kisheria, na utaratibu wa kuomba mabadiliko. Kama kazi inahitaji kibali cha idara ya mambo ya kale, kiwe mkononi kabla fundi hajagusa ukuta.

Hatua ya 8: Kazi na hesabu

Piga picha kabla. Chagua sehemu tano, weka alama chini kwa rangi au kigingi, na kila wiki mpiga picha asimame palepale. Picha mbili zilizopigwa kutoka sehemu moja, ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa nane, zinasema yale ambayo kurasa tatu haziwezi.

Tengeneza bahasha moja kwa kila mstari wa bajeti. Risiti inaingia kwenye bahasha yake siku ileile, ikiwa imeandikwa nyuma ni ya nini. Zile risiti nyepesi za mashine hufifia, baada ya miezi michache unabaki na karatasi nyeupe, kwa hiyo zipigwe picha kabla hazijaingia. Kwa fundi asiye na risiti, tumieni hati ya malipo yenye jina, kazi, kiasi, sahihi yake na ya shahidi.

Mkitaka kuhamisha fedha kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, andikeni kabla ya kuhamisha. Barua pepe ya mistari minne hutosha: nini kimebadilika, kwa nini, kiasi gani, na kazi itaathirikaje. Mfadhili anayeambiwa mapema kwamba mbao zimepanda bei kwa kawaida huelewa. Anayegundua kwenye taarifa ya mwisho anaweza kudai fedha zake.

Taarifa ya mwisho isifiche kilichoshindikana. Kama kaseti 11 kati ya 140 hazikuweza kuokolewa, zitaje kwa namba zake na sababu. Kisha fungeni bahasha zote ndani ya sanduku moja, pamoja na mkataba, mihtasari na daftari la siku za kujitolea, andikeni juu yake mwaka ambao mkataba unaruhusu kuzitupa, na sanduku hilo likae ofisini kwa kikundi, si chini ya kitanda cha katibu.